Orodha Iliyokuwa Mfukoni

Mimi ndiye niliyefuta kijiji chetu. Sikukichoma moto wala sikukihamisha. Nilikifuta kwa amri moja ya taipu, nikiwa nimevaa koti jeupe na viatu vilivyong'arishwa, ndani ya chumba cha kompyuta Dar es Salaam, mbali kabisa na Ikungi. Sasa nimezeeka, naishi Mandewa, na majirani wananijua kama mzee mwenye kisirani asiyetaka kitu kitoke mahali pake. Wanadhani nilizaliwa hivyo.

Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakitolewa kwenye maboma yao ya mbalimbali na kukusanywa katika vijiji vya ujamaa. Kila kijiji kipya kilijaziwa fomu: kaya hii ina nani na nani, watoto wangapi, ng'ombe wangapi. Fomu zilipelekwa Dar es Salaam, zikapigwa kwenye kadi za matundu, na kadi zikaingizwa kwenye kanda za kompyuta. Mimi nilikuwa opereta katika ofisi hiyo. Nilikuwa kijana wa Kinyaturu niliyefaulu hesabu, na nilijiona kama nimeivumbua hiyo mashine mwenyewe. Nilipokwenda likizo nyumbani nililibeba lile koti jeupe makusudi. Wazee wakanionyesha magoti yao yanayouma wakidhani ni daktari, na sikufanya haraka kuwasahihisha.

Kanda zilizungushwa ndani ya makabati sita marefu yenye milango ya kioo, kila kabati kanda moja, yamepangwa ukutani na kupewa namba. Katikati ya chumba kulikuwa na taipu iliyounganishwa na kompyuta. Ukitaka kujua hali ya makabati uliandika amri fupi, herufi chache tu, kisha taipu ikajibu yenyewe, vidole hakuna, ikichapa orodha: kabati la kwanza lina kanda fulani, la pili tupu, la tatu lina kanda isiyo na kitu, iko tayari kuandikwa. Mkuu wetu wa zamu, mtu mpole aliyekuwa na tabia ya kufuta miwani yake kila anapoongea, alitufundisha jambo moja kuliko yote. Orodha ni ya dakika ile ile iliyochapwa. Kabla ya kuanza kazi, andika amri upya, kisha chukua orodha yako mkononi, tembea kabati kwa kabati, fungua mlango, soma karatasi iliyobandikwa kwenye kanda. Tulimcheka nyuma ya mgongo wake. Mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kumwigiza, na miwani na kila kitu.

Siku hiyo niliandika amri asubuhi nilipoingia zamu. Orodha ikatoka, nikaichana, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Kabati la tatu lilikuwa na kanda isiyo na kitu. Nikaenda kunywa chai, na pale kantini walikuwapo wasichana wa ofisi ya uchapaji, wakataka kujua mashine inafikiri vipi. Jamani, nilieleza! Nilieleza mpaka chai ikapoa na andazi likabaki mkononi. Wakati nikieleza, mwenzangu wa zamu alikuwa amemaliza kuandika kanda ya vijiji vya kwetu, na kwa kuwa mlango wa kabati la tano ulikuwa unasumbua, akaitoa ile kanda tupu kabati la tatu na kuihamishia hii humo. Kanda hizo zilikuwa na pete ya plastiki nyuma yake. Pete ikiwapo, mashine inaruhusiwa kuandika juu, ikitolewa, haiwezi. Yeye alikuwa bado hajaitoa, akaenda kutafuta fundi wa mlango.

Nikarudi. Kazi iliyofuata ilihitaji kanda tupu. Ningeweza kuandika amri upya, herufi chache. Ningeweza kutembea hatua nane na kusoma karatasi kupitia kioo. Nilitoa orodha ya asubuhi mfukoni, nikaitazama jinsi mtu anavyotazama saa, nikaiamuru kompyuta iandike kabati la tatu.

Mwenzangu aliporudi na fundi, alisimama mbele ya kile kioo akiangalia kanda inavyozunguka, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo ya vijiji unaifanyia nini?"

Fomu na kadi zilikwisha kuchomwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida ya ofisi: kitu kikishaingia kwenye kanda, karatasi za nini tena. Nakala ya kanda ilikuwa haijatengenezwa, kwa sababu kanda zenyewe zilikuwa chache na zilitoka nje. Vijiji kadhaa vya upande wa Ikungi vikaondoka hivyo, kikiwamo chetu.

Mkuu wa zamu hakunifokea. Ningependa angefoka. Alifuta miwani muda mrefu, akasema, "Unajua lugha ya kwenu. Utakwenda kuandika upya. Waambie kulitokea kosa kwenye mashine, waombe radhi." Alinipa hata maneno ya kusema, na kwa kusema "kosa kwenye mashine" alikuwa ameshanifunika nusu ya aibu. Nilichotakiwa kufanya ni kubeba nusu iliyobaki.

Nilipanda treni hadi Manyoni, kisha basi hadi Ikungi, kisha nikatembea saa moja na nusu na furushi la fomu begani. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno yale. Nilishuka kwenye basi nikiwa nayajua vizuri.

Lazima nimweleze mwalimu wetu, maana yeye ndiye aliyejaza zile fomu za kwanza. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji, Mgogo wa Kintinku, mtu mfupi, mwenye hasira za karibu na chaki sikioni. Alinifundisha kusoma na kuandika nikiwa darasa la pili, na alinichapa kwa ajili ya herufi g mpaka mkia wake ukanyooka. Serikali ilipotaka fomu zijazwe, kazi ikaangukia kwake kama ilivyowaangukia walimu wengi.

Haikuwa kazi ndogo. Kwetu, watu wa rika la mama yangu hawahesabu watu. Huwezi kumwuliza mwanamke ana watoto wangapi akakujibu kwa namba. Ni kama kumwambia akuchagulie wa kufa. Ng'ombe nao ni hivyo hivyo. Kijiji cha jirani waliotumwa kuhesabu walirudi na fomu zilizojaa uongo, kaya baada ya kaya watoto wawili, watoto wawili. Mwalimu hakuuliza idadi. Alikaa kwenye kigoda, akaomba maji ya kunywa, akaulizia habari za mvua, kisha akasema, "Mama, nitajie watoto wako, niwaandike wajulikane." Wakamtajia kwa majina. Ng'ombe akatajiwa kwa rangi: yule mwekundu, yule mwenye madoa, yule mweusi mwenye pembe iliyovunjika. Hesabu akaifanya mwenyewe kimya kimya kwenye karatasi, nje ya uwanja wa mtu. Ilimchukua wiki nyingi, jioni baada ya masomo, na goti lake moja lilikuwa bovu. Kumpa mtu majina ya watoto wako wote kwa pamoja, kwa wale wazee, ilikuwa ni kumpa kitu kikubwa. Walimpa yeye.

Sasa mimi nikafika. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano asubuhi ya pili yake, mwalimu akiwa darasani. Nikasimama mbele ya watu walionilea, nikawaambia kwamba fomu zitajazwa upya.

Kisha mzee mmoja akainuka, akauliza bila ugomvi, "Kijana wetu, mwalimu alituandika. Majina ya watoto wetu tulimpa. Yako wapi?"

Maneno niliyokuwa nimeyakariri yalikuwapo mdomoni. Lakini nilimwona mama yangu, amekaa mbele na wanawake wenzake, amejifunga kitenge nilichomnunulia, ananiangalia kama vile jua limechomoza kwa ajili yake. Nikasema, "Hazikufika."

Neno moja. Sikumtaja mtu. Kwa miaka mingi nilijitetea hivyo, kwamba sikumtaja mtu. Lakini kama fomu hazikufika, na aliyezibeba mpaka Ikungi ni mmoja, basi hata mtoto aliweza kumalizia mwenyewe.

Jambo hilo halikupigiwa kelele. Kwetu mambo makubwa hayapigiwi kelele. Kesho yake wanawake waliokuwa wakimsalimu mwalimu kwa kusimama, walimsalimu wakipita. Siku iliyofuata madawati yalikuwa nusu tupu. Maneno yakaanza kutembea: majina ya watoto wetu ameyapeleka kwao, kwao kuna mganga, ndiyo maana mtoto wa fulani homa haishuki. Mimi nilikuwa natembea kaya hadi kaya na fomu zangu, nayasikia yote, naitikia "mh" kama mtu anayesikiliza redio. Siku ya nne mwalimu alikuta mlango wa darasa umezibwa kwa matawi ya miiba, jinsi tunavyoziba mlango wa zizi.

Mwenyekiti akaitisha mkutano mwingine, na safari hii mwalimu aliitwa. Alikuja amevaa koti lake la siku za sherehe, chaki haikuwapo sikioni.

"Ndugu mwalimu," mwenyekiti akasema, "watu wanataka kujua karatasi zao."

"Karatasi nilizipeleka Ikungi kwa mikono yangu," mwalimu akajibu. "Zikaenda Dar es Salaam."

"Kijana wetu anasema hazikufika."

Mwalimu akanigeukia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, wazee wako chini. Walinipa kiti kwa sababu ya suruali yangu. "Huyu ni mwanafunzi wangu," akasema. "Yeye ndiye anayetoka huko. Na aseme yeye."

Nikainuka. Nilikuwa na nafasi ya pili, na si kila mtu hupewa. Nikasema, "Mimi niliagizwa tu nije kuandika upya. Mengine siyajui."

Aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti. Aliuacha humo kidogo, akinitazama. Kisha akautoa mtupu, akasema, "Basi, kama ni hivyo," akaondoka akichechemea kabla mkutano haujafungwa. Watu wakachukulia kwamba amekubali kosa. Mimi nikakaa tena kwenye kiti changu, na nakumbuka kwamba nilichohisi kwanza, kabla ya aibu, ni nafuu. Hilo ndilo linanitesa kuliko lile neno lenyewe.

Haikupita wiki mbili akapata uhamisho aliouomba. Alasiri moja nilipita nyumba ya mwalimu nikijifanya naelekea kisimani. Alikuwa nje, anafunga sanduku la vitabu kwa kamba ya katani. Nikasalimu, "Shikamoo, mwalimu."

Hakuitikia marahaba. Tangu nizaliwe sijawahi kutoa shikamoo ikabaki hewani namna ile. Aliendelea kukaza fundo, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki, akanipa.

Ilikuwa barua ya mapokezi kutoka ofisi yetu. Inasema fomu za kijiji hiki zimepokelewa zote, zimekamilika. Ina mhuri. Chini yake kuna sahihi, na sahihi ilikuwa yangu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Siku fomu zilipowasili niliona jina la kijiji chetu, nikamwomba karani wa mapokezi aniachie niisaini mimi, kwa fahari tu.

"Mwandiko huu niliufundisha mimi," mwalimu akasema. "Ile g ningeijua hata gizani."

Nikamwuliza kwa nini hakuionyesha mkutanoni. Sauti yangu ilitoka ya kitoto.

"Nilitaka kuionyesha!" Alikuwa amekasirika sasa, mate yanamruka. "Usidhani mimi ni mtakatifu. Mkono ulikuwa umeshaishika. Nikamwona mama yako pale mbele. Ningeitoa, mmoja wetu angetoka pale akiwa mwongo mbele ya watu wote. Mimi nina kwetu pa kwenda. Wewe kwenu ni hapa, na yule mama atakaa hapa mpaka afe. Ndiyo hivyo. Sasa nipishe, nina mizigo."

"Mwalimu, nitawaambia," nikasema.

"Waambie."

"Nitawaambia kesho."

Aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia darasa la pili nikimwambia daftari nimelisahau nyumbani. Akanyoosha mkono, nikadhani anataka kunipa wa kwaheri, kumbe anataka bahasha yake. Nikamrudishia. Kesho yake lori lilimpitia asubuhi, na hakuna mtoto aliyetoka kumbebea hata ndoo. Mimi nilikuwa kaya ya tatu upande wa kusini, najaza fomu.

Sikuwaambia kesho wala kesho kutwa. Nilijiambia kwamba ameshaondoka, kwamba sasa hata nikisema hakutamsaidia, kwamba kijiji kitanisikiliza kazi ikiisha. Niliendelea na kaya moja moja. Nilijaribu kufanya kama yeye, kuomba maji, kuulizia mvua, lakini watu walikuwa wamefunga. Walioniambia majina waliniambia machache. Wengi walisema watoto wawili.

Nyumba yetu niliiacha ya mwisho. Ilikuwa asubuhi, mama alikuwa anapepeta uwele uwanjani. Nilimwambia leo ni zamu yake, akacheka, akaweka ungo kando na kujipangusa vumbi usoni kama anayekwenda kupigwa picha. Nikakaa kwenye kigoda, fomu juu ya paja.

Akaanza kutaja. Dada yangu mkubwa aliyeolewa Puma. Kaka yangu. Alipofika kwangu akasema, "Na wewe hapo unayeniandika," akacheka tena. Kisha wadogo zangu mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake la nyumbani na la dini. Nikaandika wote. Aliponyamaza nikapiga mstari chini, nikahesabu kwa macho, nikatia namba ndani ya kisanduku.

"Kwa mwalimu kulikuwa na mwingine," akasema.

Nikainua kichwa.

"Aliyekutangulia wewe. Mvulana. Alikuwa anaanza kutambaa." Alikuwa anaokota punje za uwele zilizodondoka, moja moja, hanitazami. "Mwalimu alipomaliza kuandika aliniuliza, 'Mama, na waliokwenda?' Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Hata baba yako, tulipomzika yule mtoto hatukumtaja tena, ndivyo inavyotakiwa. Lakini mwalimu aliuliza vizuri, nikamtaja. Akamwandika. Nilimwona akimwandika, akanionyesha, ndiyo huyu."

Nilikuwa mtu mzima, nimefika Dar es Salaam, nimewaeleza watu jinsi kompyuta inavyofikiri, na sikujua kwamba nilizaliwa juu ya kaburi la kaka yangu.

"Mama, anaitwa nani?"

Alitikisa kichwa. "Nilimtoa mara moja tu, yule Mgogo akampoteza. Simtoi tena. Mungu na amwone tu."

"Nitamwandika vizuri, mama. Mimi mwenyewe."

"Wewe najua ungemtunza," mama akasema, na sasa alinitazama, kwa upendo kabisa. "Ningekuwa na akili ningemngojea mwanangu. Nikampa mtu wa kuja."

Palikuwa na sentensi moja ya kusema. Mama, zilifika. Naamini mpaka leo kwamba kama ningeisema, angelia, labda angenifukuza uwanjani kwake, halafu siku moja, baada ya mwaka au miaka, angenitajia lile jina, kwa sababu mtu aliyempoteza asingekuwa tena mgeni asiye na huruma bali mwanawe. Aliishi miaka mingi baada ya pale. Alizikwa nalo.

Alikuwa bado ananitazama, akingoja niseme kitu. Nikafunua ukurasa wa pili wa fomu, nikamwuliza habari za ng'ombe.